Usifute Mtaa Wako kwa f/1.8

Picha nyingi za mtaani siku hizi hazina mtaa.

Ingia Instagram sai, utafute picha za ndege, maua na vipepeo zilizopigwa na vijana wa Eastlands. Ziko nyingi na ni kali, sitadanganya. Chozi ametua kwenye ua jekundu, unaona hadi rangi ya shingo yake inavyobadilika kwenye jua, na nyuma yake kuna ukungu laini wa kijani. Basi. Ukiulizwa imepigwa wapi unaweza kusema Karura, unaweza kusema Limuru, unaweza hata kusema majuu. Kumbe ni Umoja, hatua chache kutoka stage, na kilichomezwa na huo ukungu ni tangi la maji, ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

Mimi napiga picha za miti na viumbe huku huku Eastlands, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifanya zoezi moja tu: kubadilisha tundu la lenzi. Kitu kile kile, mahali pale pale, tundu tofauti. Nilianza ili nijue kamera yangu. Nimeishia na msimamo, na ndio nataka tuuongelee leo: kufungua lenzi mpaka mwisho kila saa ni tabia inayotufutia mtaa, na wakati huu mitaa yetu inapobomolewa na kujengwa upya, hatuna sababu ya kuisaidia kupotea.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hilo tundu.

Msumari, mabati na chapati

Kama umewahi kukaa nyumba ya mabati, apecha unaijua tayari. Pale msumari ulipong'oka, jua linapenya na kuchora kiduara kwenye sakafu. Angalia vizuri: hata tundu likiwa limechanika vibaya, kile kiduara kinabaki duara. Hiyo si picha ya tundu, ni picha ya jua lenyewe. Tundu dogo kwenye chumba chenye giza linatosha kutengeneza picha, na kamera ni chumba chenye giza ambacho kimewekewa kioo mdomoni.

Apecha ndilo hilo tundu, ila lako unaweza kulipanua na kulibana. Linapimwa kwa namba zinazoanza na herufi f, na hapo ndipo wasee wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Nikieleza mtu hutumia chapati. Chapati moja ikigawanywa kwa watu wawili, kila mtu anashiba. Ikigawanywa kwa watu kumi na sita, unaonja tu. Sasa f ni urefu wa lenzi yako, na ile namba ni idadi ya watu. Lenzi ya 50mm ukiweka f/2, unapata tundu la milimita 25, karibu upana wa sarafu. Ukiweka f/8 unapata milimita 6 na kidogo, kama punje ya minji. Ukiweka f/16, milimita 3, kichwa cha kiberiti.

Mfululizo wake ukariri kama namba za matatu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua moja kwenda juu inakata mwanga nusu. Kutoka f/4 hadi f/8 ni hatua mbili, kwa hivyo mwanga unabaki robo.

Tundu linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kupima mwanga unaoingia. Ya pili ndiyo inatuhusu leo: linaamua ni kiasi gani cha dunia, kutoka karibu hadi mbali, kitaonekana wazi. Tundu kubwa linaacha kipande chembamba tu kikiwa kikali, mbele na nyuma yake kila kitu kinayeyuka. Tundu dogo linarudisha watu wote kwenye picha.

Kipande chembamba kiasi gani? Kamera yangu ni ya mtumba, ile ya sensa ndogo ambayo wengi wetu tunaanzia. Nikikaribia kinyonga kwa nusu mita na lenzi ya 50mm ikiwa f/1.8, sehemu iliyo kali ni chini ya sentimita moja. Jicho liko, pua imeenda. Nikisimama mita tatu kutoka kwa tawi, kipande hicho kinafika kama robo mita. Nikibana hadi f/8, nakaribia mita moja na zaidi, na vitu vya nyuma vinaanza kutambulika hata kama si vikali kabisa: mlango unajua ni mlango, baiskeli unajua ni baiskeli.

Jua letu halina mchezo

Kuna jambo moja ambalo video za kufunza kamera hazituambii, kwa sababu nyingi zimetengenezwa na watu wanaokaa mbali na Ikweta. Nairobi iko kama digrii moja na robo tu kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini. Jioni linashuka wima, likigusa mapaa limeenda, na ule mwanga wa dhahabu ambao wazungu huusifu unakaa muda mfupi sana kwetu. Ukichelewa kwa sababu ya jam ya Jogoo Road, umeukosa.

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni rahisi ya jua kali: weka f/16, na shata iwe moja gawanya kwa ISO yako. ISO 100, basi shata 1/100. Ukifungua hatua moja hadi f/11, unaongeza kasi mara mbili, 1/200. Endelea kuhesabu: f/8 ni 1/400, f/5.6 ni 1/800, f/4 ni 1/1600, f/2.8 ni 1/3200, f/2 ni 1/6400. Sasa kamera nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000. Maana yake ni kwamba saa sita ya jua kali, hata ukitaka f/1.8, kamera inakataa. Picha inatoka nyeupe kama shati la sare ya Jumatatu. Jua letu lenyewe linakusukuma ubane tundu. Mimi nimeanza kulichukua kama ushauri wa mkubwa.

Upande wa pili uko pia. Ukibana sana kwenye kivuli, shata inakuwa polepole, na upepo ukitikisa majani kidogo tu, jani linatoka kama limechorwa na mtoto. Na ukipita f/16 kwenda f/22, picha nzima huanza kulegea, kwa sababu mwanga ukilazimishwa kwenye tundu dogo sana unatawanyika. Kwa hivyo sisemi bana mpaka mwisho. Nasema ujue unachofanya.

Parachichi la Jericho

Zoezi lililonifungua macho nililifanyia Jericho. Kuna mzee mmoja pale ambaye ana mparachichi mbele ya nyumba. Aliupanda yeye mwenyewe kutoka kwa mbegu, miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilimwomba ruhusa, akasema piga, bora usipande juu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwanga umeshapoa. Nilichagua tawi moja lililoning'inia chini, lenye maparachichi matatu, nikasimama kama mita tatu. Nyuma ya tawi, mbali kidogo, kulikuwa na mlango wa mzee, dirisha la jirani, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Nikapiga picha nne bila kusogea: f/1.8, f/4, f/8, f/16. Kila mara nilibadilisha tundu na shata, sikugusa kitu kingine.

Mzee akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera. Nikamwonyesha ya kwanza, ile ya f/1.8, ambayo kwa macho yangu ilikuwa moto. Maparachichi yamejitokeza kama yako kwenye tangazo, nyuma pote pamelainika.

Akaiangalia muda mrefu. Akauliza, "Kijana, hii ni parachichi ya wapi?"

"Ni yako, mzee. Hiyo hapo."

"Yangu iko Jericho. Hii haiko mahali."

Nikasonga hadi ya f/4. Akatikisa kichwa. Nikafika f/8, akanishika mkono nisipeleke mbele. "Hapa sasa. Huo ni mlango wangu. Hiyo ni baiskeli ya mjukuu." Ile ya f/16 ilikuwa kali zaidi kwa nyuma lakini majani yalikuwa yametikisika, na hakuitaka. Alitaka ya f/8, na alitaka imechapishwa kwa karatasi, si ya simu.

Nikamuuliza kwa nini hiyo. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la wazi: mti unaweza kukatwa, na nyumba inaweza kubomolewa, lakini watu wakiona hiyo picha watajua kwamba vilikuwa pamoja.

Sijawahi kusikia mtu akieleza f/8 vizuri kuliko hivyo, na mzee hajui hata f ni nini.

Korongo wa Dandora si wa Mara

Sasa nikupe upande wa doo, kwa sababu najua kuna mtu anasema, "Lakini wateja wanapenda ukungu."

Ni kweli wanapenda. Niliwahi kupewa kazi ndogo ya picha za ndege wa Nairobi. Nikaenda Dandora kutafuta marabu, wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama karibu mita moja na nusu. Nairobi nzima inawajua. Wako kwenye miti ya Mombasa Road karibu na Nyayo Stadium, na wako kwa wingi karibu na jaa la Dandora, lile ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado malori yanaingia. Nilikuwa na lenzi ndefu ya kuazima. Lenzi ndefu inayeyusha nyuma hata kwa f/5.6, na picha zilizotoka hapo zilikuwa za kuuza kabisa: marabu mmoja, nyasi chache, anga. Mtu angesema ni Maasai Mara.

Halafu nikabadilisha lenzi, nikaweka fupi, nikabana hadi f/11 na kusogea karibu, maana wale ndege wamezoea watu kuliko kuku. Picha ikabeba kila kitu: marabu mbele, mlima wa taka nyuma, moshi, na mbali kabisa maghorofa.

Mteja akachagua zile za kwanza. Hizo nyingine akasema ni nzuri, lakini niondoe "ile vurugu ya nyuma".

Nimefikiria sana hilo neno. Ile vurugu ndiyo sababu marabu yuko pale. Huyo ndege anakula mizoga na mabaki, na sisi ndio tunampikia. Ukimwondolea taka umempiga picha ndege mwingine, ambaye hayuko Dandora. Hapo ukungu haukuwa urembo tena. Ulikuwa unasema uongo wa kiikolojia kwa namba.

Na mazingira ya Eastlands hayahitaji kusingiziwa ndiyo yapendeze. Mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule Ruai, yamo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Majitaka! Ndege wa maji hawaulizi kama hayo maji yalitoka chooni kwako. Wanaangalia kama kuna chakula. Mwewe wanazunguka juu ya soko la Burma kwa sababu kuna nyama. Kunguru wa kifua cheupe anajenga kwenye nguzo ya stima. Hizi ni hadithi za viumbe wanaoishi na watu, na hadithi ya kuishi na watu haiwezi kupigwa picha bila watu kuwa ndani.

Kuna wakati wa kufungua

Msinielewe vibaya, f/1.8 haijafungiwa. Mimi naitumia, na kuna sababu tatu naona ni halali.

Ya kwanza ni giza. Alfajiri kabla ya saa kumi na mbili na nusu, au chini ya mti mnene, unahitaji mwanga na huna pengine pa kuutoa.

Ya pili ni pale unapotaka kuonyesha kitu ambacho jicho haliwezi kukitenga. Vijipumulio vya nyenyere kwenye shina, nywele za kiwavi, unga wa njano kwenye miguu ya nyuki. Hapo ukungu unasaidia kuelewa, kama vile mwalimu anavyofuta ubao kabla ya kuandika hesabu mpya.

Ya tatu ni heshima, na hii huku kwetu ni kubwa. Tunaishi karibu karibu. Nyuma ya ua lako kuna mathe anafua, kuna mtoto anaoga kwenye karai, kuna nguo za ndani za mtu kwenye kamba. Hawakukuomba uwapige picha. Hapo fungua lenzi, uwafunike. Au subiri wapite. Au waombe. Watu wa mtaa wanakuuliza "unapiga picha za nini?" kwa sababu wameona wengi wakija na kamera, wanachukua umaskini, wanaenda kuuza, na hawarudi hata na karatasi moja. Mimi nikiulizwa, nawaonyesha kioo. Mara nyingi swali la pili huwa, "Huyo ndege anaitwa nani?"

Kwa hivyo swali langu si kama umefungua. Ni kama uliamua. Ukifungua kumlinda mtoto wa watu, umeamua. Ukifungua kwa sababu unaona aibu ya mabati, umeamua pia, lakini uamuzi huo ulifanyiwa na mtu mwingine zamani, na wewe umeubeba tu.

Wazee wa f/64

Huu ugomvi si mpya. Mwaka 1932 huko San Francisco, Marekani, kikundi cha wapiga picha kilichoka na mtindo wa wakati huo wa picha laini zenye ukungu zilizojaribu kufanana na michoro. Ndani yake walikuwa Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham. Wakajiita Group f/64, kwa jina la tundu dogo sana kwenye zile kamera zao kubwa za miguu mitatu. Walitaka jani lionekane jani na mwamba uonekane mwamba, kutoka miguuni mpaka upeo wa macho. Baadaye picha za Adams za milima na mabonde zilitumika katika kampeni za kulinda mbuga za kule kwao.

Hapo ndipo nataka tufike. Mti peke yake ni mti. Mti pamoja na barabara inayoujia ni hoja. Novemba 2020, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokuwa kwenye njia ya Expressway uliokolewa kwa amri ya rais, baada ya watu kupiga kelele. Jaribu kufikiria hiyo kampeni ikiendeshwa kwa picha za f/1.8: jani moja zuri, nyuma ukungu. Nani angejua kuna hatari?

Na huku Eastlands? Nyumba za zamani za Pangani zilishabomolewa, yamesimama maghorofa. Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho zimetajwa kwenye mipango ya kujengwa upya. Sipingi watu kupata nyumba nzuri. Wengine wetu tumelala sita kwenye chumba kimoja na hatuna hamu ya kukisifu. Lakini mitaa hii ya zamani ilijengwa chini, ikaachiwa nafasi, na kwenye zile nafasi watu wakapanda. Mparachichi, mwembe, jakaranda, mpera wa watoto kuiba. Kila mti una mtu aliyeumwagilia maji ya kubeba. Siku mtambo ukija, hakuna anayehesabu hiyo.

Sisi tuna kamera. Sisi ndio rekodi. Tukipiga miti hiyo yote ikiwa na ukungu nyuma, baada ya miaka 20 tutakuwa na maelfu ya picha za majani mazuri na hatutaweza kumwonyesha mtoto hata moja tukamwambia: huu ulikuwa Maringo, hapa ndipo mlango ulikuwa, kivuli chake kilifika hapa.

Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia, alizaliwa Eastleigh mwaka 1943. Huku kwetu. Kwa hivyo usiniambie mtaa huu hauzai macho.

Zoezi la wiki hii

Maneno yametosha, chukua kamera.

Kama una lenzi ya kawaida ya 18–55mm kwenye kamera ya sensa ndogo, fanya hivi. Weka 18mm. Weka f/8. Weka fokasi kwa kitu kilicho mita mbili mbele yako, kisha zima fokasi ya otomatiki usiiguse tena. Kwa hesabu ya lenzi, kila kitu kutoka kama mita moja hadi mwisho wa macho kitakuwa wazi. Sasa tembea mtaa wako asubuhi na utafute kitu kinachomea au kinachoruka, ukikaribie, na uache nyumba ziingie nyuma. Utaona kazi inakuwa ngumu zaidi, maana sasa lazima upange: tangi likae wapi, kamba ya nguo ipite juu au chini ya tawi, nguzo isimee kichwani mwa ndege. Ukungu hukusaidia kukwepa hiyo kazi. Bila ukungu unajifunza kutunga picha.

Kama una 50mm f/1.8, fanya zoezi la mzee: f/1.8, f/4, f/8, f/16, mguu usisogee. Halafu, hii ndiyo sehemu ya muhimu, mwonyeshe mtu anayeishi hapo, umwache achague. Usimwambie yako ni ipi.

Kama una simu tu, uko sawa. Simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika. Samsung walijaribu kuweka mawili kwenye Galaxy S9 mwaka 2018, f/1.5 na f/2.4, lakini kwa kawaida simu haina hilo. Ule ukungu wa modi ya potreti ni programu inakisia wapi mtu ameishia, ndiyo maana inakata masikio na kula ncha za majani. Izime. Sensa ya simu ni ndogo na lenzi yake ni fupi, kwa hivyo inakupa mbele na nyuma vikiwa wazi bila hata kuomba. Kwa kazi ninayoisema hapa, simu yako ya kawaida inaweza kushinda lenzi ya gharama.

Ukishapiga, andika chini ya picha jina la mtaa. Usiandike "Nairobi", andika Kayole, andika Makongeni, andika Kariobangi South. Andika aina ya mti kama unaijua, na mwezi na mwaka. Kama kuna mtu aliyeupanda na anakubali, chapisha nakala moja umpelekee. Huwa ni bei ya soda na mandazi, na hakuna laiki inayolipa kama uso wa mtu akishika mti wake mkononi.

Ya mzee niliipeleka Jumamosi iliyofuata. Aliigeuza kwanza nyuma, akaniomba kalamu, akaandika namba ya nyumba.